Waliotoka Kanisani, Waliotoka Msikitini



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu, na wewe msomaji ambaye hukujaaliwa kuwa nasi usiku ule. Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wa jumuiya yetu baada ya tarawehe, kisha ndugu zetu wa jarida wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu vile vile yalivyotoka mdomoni. Mada hii sikuichagua mimi. Mliandika nyinyi wenyewe kwenye kikaratasi: "Ustadh, tueleze kwa nini makanisa yanavunjika kwa sababu ya ushoga." Nilipoisoma kwa sauti nilisikia kicheko kule nyuma, upande wa viatu. Kicheko kile nimekiweka, nitakirudia.

Kwanza niliondoe la hukumu, maana najua yuko mtu hapa anangoja aone kama nitateleza. Ndoa katika Uislamu ni ya mume na mke. Liwati ni haramu, na kisa cha Nabii Lut (A.S.) mwakijua tangu chuoni, kabla hamjajua hata kufunga vifungo vya kanzu. Sikuja kulibadilisha hilo wala sina mamlaka hayo. Limekwisha. Sasa tusikizane.

Nitawaeleza zaidi kuhusu Waanglikana kwa sababu hawa ni jirani zetu. Krapf, aliyetumwa na shirika lao la misheni, alifika Mombasa mwaka 1844, na Rabai kule wana historia ndefu. Kanisa lao kuu hapa mjini ni lile lenye kuba, ambalo mgeni akiliona mara ya kwanza hudhani ni msikiti. Isitoshe, mimi nina mwenzangu kazini ambaye ni mzee wa kanisa hilo. Mimi namwita Mzee, yeye aniita Maalim, na ugomvi huu wa kanisa lao tumeunywea chai zaidi ya miaka ishirini.

Maaskofu wao wa dunia nzima hukutana Uingereza kila baada ya miaka kumi hivi, na mkutano wenyewe huitwa Lambeth. Mwaka 1998 walipiga kura juu ya jambo hili. Waliokubali azimio walikuwa 526, waliolikataa 70, na 45 hawakuegemea upande wowote. Ukimuuliza mtu leo azimio lile lilisema nini, atakwambia lilisema kwamba ndoa ni ya mume na mke na kwamba kitendo hicho hakipatani na maandiko yao. Ni kweli. Lakini azimio lile lile, karatasi ile ile, lilisema pia kwamba watu wa namna hiyo walio ndani ya kanisa wasikilizwe, wahudumiwe kwa upole, na likalaani kuwachukia na kuwaogopa bila sababu. Mzee alinionyesha karatasi yenyewe. Mimi nilikuwa nimeusikia ule mstari wa kwanza tu, na aibu yangu ni kwamba nilikuwa nimeutumia kwenye mihadhara.

Yaliyofuata ndiyo haya. Hawa wakashika nusu moja ya karatasi, wale wakashika nusu ya pili, na kila upande ukauita mwenziwe mhaini.

Mwaka 2003 jimbo dogo la Marekani liitwalo New Hampshire lilimchagua Gene Robinson awe askofu, mwanamume aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenziwe waziwazi. Siku ya kumtawaza, tarehe 2 Novemba, alivaa fulana ya kuzuia risasi ndani ya mavazi yake ya ibada, kwa vitisho alivyokuwa amepokea. Haya, wewe na msimamo wako, mimi na wangu. Lakini hebu fikiri mtu aingie nyumba ya ibada na fulana ya risasi, na wanaomtisha wasema wanaipigania dini!

Basi waumini wakaanza kutoka. Walioona askofu yule hawawezi kuwa chini yake hawakutaka kuacha Uanglikana, walitaka tu wasimamizi wengine, na wasimamizi hao wakawatafuta Afrika. Tarehe 30 Agosti 2007, katika kanisa la All Saints, Nairobi, Askofu Mkuu wa Kenya wakati huo, Benjamin Nzimbi, aliwatawaza Wamarekani wawili, Bill Atwood na Bill Murdoch, wawe maaskofu wa hao waliojitenga kule kwao. Wiki hiyo Mzee alitembea ofisini kifua mbele. "Maalim," aliniambia, "zamani wao walituletea dini, leo twawarudishia." Nami nikacheka naye, maana lilikuwa neno tamu, na lina ukweli ndani yake.

Mwaka uliofuata, 2008, maaskofu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika na wa Kenya wakiwemo, hawakwenda Lambeth. Wao na wenzao walikuwa wamekutana peke yao Jerusalem mwezi Juni. Mkutano wa pili wa kundi hilo ulifanywa hapa hapa Nairobi, Oktoba 2013.

Huko nyuma Marekani mambo yalikuwa mahakamani. Kuna kanisa moja la Virginia, The Falls Church, jengo lake limesimama tangu mwaka 1769. Waumini walipiga kura Desemba 2006, wengi wakasema tunatoka, lakini wakataka watoke na jengo lao. Dayosisi ikakataa. Kesi iliendelea miaka, na mwaka 2012 hakimu akaamuru warudishe jengo na fedha, nao wakatoka. Mwaka 2013 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikathibitisha kwamba jengo si lao. Mwajua sisi vile vile tuna misikiti ambayo kamati zake ziko kortini, na kesi zetu hata hazina mada kubwa kama hiyo. Tuache hapo.

Uingereza kwenyewe walikwenda polepole zaidi. Februari 2023 sinodi yao ilikubali kwamba wawili wa jinsia moja waweze kuombewa dua za baraka kanisani, bila kuita hiyo ndoa ya kanisa. Tazama kura: maaskofu 36 kwa 4, makasisi 111 kwa 85, waumini wa kawaida 103 kwa 92. Katika waumini, tofauti ni watu 11! Maana yake katika kila mabenchi ya kanisa, anayekubali na anayekataa wameketi bega kwa bega na wameshika kitabu kimoja. Hata Askofu Mkuu wao wa wakati huo, Justin Welby, alizifurahia dua hizo lakini akasema yeye mwenyewe hatazisoma, kwa ajili ya umoja wa kanisa la dunia. Hakumridhisha yeyote. Aprili mwaka huo huo wale wa mkutano wa Jerusalem walikutana Kigali wakasema hawamtambui tena kuwa kiongozi wao, na Oktoba 2025 wakatangaza kwamba ushirika wenyewe wa Kianglikana wa dunia ni wao.

Mnaona ushindi hapo? Mzee hakuona. Anaye binti yake ni muuguzi Uingereza, na kila Jumapili huenda kanisa la mtaa anaoishi. Kanisa hilo liko upande wa dua. Baba na binti waligombana kwa simu Jumapili baada ya Jumapili. Sasa, aliniambia, hawazungumzii kanisa kabisa. Waulizana hali ya hewa. Mtu aliyemfundisha binti yake kusali sasa amuuliza kama mvua imenyesha huko.

Wamethodisti wa Marekani nao niwapitie kwa haraka. Mwaka 2019, mjini St. Louis, walipiga kura kubakisha makatazo na kuyatia nguvu, 438 kwa 384. Aliyeshinda akadhani amemaliza. Lakini kura ile haikuzuia wanaopinga kuendelea kupinga, na kuanzia mwaka huo hadi mwisho wa 2023 makanisa zaidi ya 7,600, kiasi cha robo ya makanisa yao yote nchini humo, yalijitoa. Wengi wa waliotoka ni wa upande ulioshinda kura! Walipokwisha kutoka, waliobaki wakakutana Charlotte mwaka 2024 na kuyafuta makatazo yale. Mwezi huo huo wa Mei ndugu zao wa Ivory Coast, waumini zaidi ya milioni moja, wakasema nasi tunatoka.

Na wako waliotoka kwa mlango wa pili. Kanisa la Wamormoni lenye makao yake Salt Lake City lilitoa agizo Novemba 2015 kwamba watoto wa wazazi walio katika ndoa za jinsia moja wasibatizwe mpaka watimize miaka 18, na hata hapo sharti waukane mwenendo wa wazazi wao. Mamia ya watu walijipanga mstari nje kwenye bustani kuandikisha barua za kujitoa. Wengi hawakuwa na mtoto wa namna hiyo wala ndugu. Waliona mtoto anatwishwa mzigo wa mzazi, wakashindwa kukaa. Aprili 2019 kanisa likalifuta agizo lake. Waliokwisha kutoka je? Karatasi ya kufuta agizo haimfuati mtu nyumbani kwake.

Nilimuuliza Mzee: hawa wote wametoka kwa sababu ya fundisho? Akakoroga chai yake muda mrefu. Akasema, "Maalim, fundisho walilijua tangu utotoni. Mtu hutoka siku aliyoitwa jina."

Hapo ndipo nilipofika nyumbani sikulala vizuri.

Maana mimi na nyinyi tuna neno letu twalisema haraka: Alhamdulillahi, sisi hatuna sinodi, hukumu yetu haipigiwi kura. Ni kweli na namshukuru Mola kwa hilo. Februari 2023, mwezi ule ule wa kura ya Uingereza, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba chama cha kutetea haki za watu hawa kisinyimwe kusajiliwa, na misikiti na makanisa yetu yakanena kwa sauti moja kupinga. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionena. Lakini kuwa na hukumu iliyo wazi hakutupi adabu ya kuishi nayo. Adabu hiyo yatafutwa mbali na hapo, na hapo ndipo sisi tuna upungufu.

Mwakumbuka Mtwapa, Februari 2010? Nyinyi wengine mlikuwa wadogo. Ulivuma uvumi kwamba wanaume wawili wataoana pale mjini. Nani kasema? Haijulikani. Umati ukakizunguka kituo cha afya, watu wakapigwa barabarani, polisi wakawachukua wengine ndani ili wasiuawe. Harusi haikuwako. Hakukuwa na bwana harusi wala mahari wala pilau. Na waliochochea walikuwa watu wa misikiti na watu wa makanisa pamoja, safari hiyo umoja wa dini tuliupata! Sura ya Hujurat tunayoihifadhisha watoto yatutaka tuithibitishe habari kwanza, yakataza kupelelezana na kudharauliana. Nani aliisoma siku ile?

Tena msidhani mjadala huu haujatufika. Afrika Kusini alikuwako imamu, Muhsin Hendricks, aliyejitangaza mwaka 1996 kwamba yeye ni wa watu hao, na akafungua mahali pa kusalia Cape Town kwa waliokuwa wamekimbia misikiti. Alifundisha kwamba Uislamu wamruhusu mtu wa namna hiyo. Wanavyuoni wa kule walimpinga miaka yote, na mimi katika hilo niko pamoja na wanavyuoni. Tarehe 15 Februari 2025 alipigwa risasi ndani ya gari huko Gqeberha, akafa. Muslim Judicial Council, baraza la wanavyuoni wa kule, lilitoa taarifa: msimamo wake haukuafikiana na mafundisho ya Uislamu, na mauaji yake twayalaani. Yote mawili, pumzi moja. Kuna vijana walioniletea habari ile kwenye simu wakiifurahia. Mmoja alinitumia na picha ya kucheka. Nilimpigia nikamuuliza: wewe mwanangu, risasi ile ilitoka katika kitabu gani cha fiqhi ulichosoma? Kadhi gani alihukumu, shahidi gani alisimama? Alinyamaza. Sijui alinyamaza kwa kukubali au kwa heshima ya umri.

Sasa nirudi kwenye kicheko.

Miaka mingi nyuma, katika msikiti ambao sitautaja, tulikuwa na kijana mwenzetu. Sauti yake nyembamba, mwendo wake wa taratibu, akisoma Qur'ani wazee wakilia. Nani aliyejua lolote juu yake zaidi ya hilo? Hakuna. Hakuna aliyeona kitu. Lakini maskani palikuwa na maneno, na maneno yakaingia msikitini kwa miguu yetu. Tulimpa jina. Nyote mwalijua jina la namna hiyo, silirudii. Akija safuni, anayekuwa upande wa kulia ajivuta kidogo, wa kushoto ajivuta kidogo, yule kijana abaki na nafasi pande zote mbili kama jino bovu. Imamu asema jazeni nafasi, hakuna asogeaye. Usiku mmoja wa Ramadhani, wakati wa futari, alinyoosha mkono kwenye sinia ya kaimati, na mmoja wetu akaivuta sinia kwa mzaha. Watu wakacheka.

Mimi nilicheka. Mkono ulioivuta sinia haukuwa wangu, hilo nalo nilijiambia kwa miaka kwamba ni udhuru.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Hakuandika barua, hakusimama kortini kugombea jengo, hakutangaza kundi jipya. Wenzetu wa kanisani mtu akitoka huhesabiwa, kuna namba, kuna orodha. Sisi wetu hutoka na viatu vyake mkononi na hakuna anayeuliza. Ramadhani ile tulihesabu juzuu tulizokhitimu, hatukuhesabu watu.

Mwaka juzi nilimkuta Nairobi, kwenye duka la vitambaa. Mimi ndiye niliyemjua kwanza. Ana mvi. Tulisalimiana vizuri tu. Adhana ya Laasiri ilipolia nikamwambia, twende ndugu yangu. Akasema, "Wewe nenda, sheikh, mimi nimeshazoea peke yangu." Sikuelewa kama anasali peke yake au ameacha kabisa, na sikuwa na haki ya kumuuliza. Mtu aliyekucheka futarini akuulize Swala yako?

Mwaniuliza basi tufanye nini, na jibu langu ni fupi kuliko mlivyotarajia. Kijana akikujia, mwanao au rafiki, akakwambia lililo moyoni mwake, yeye mwenyewe ameshalijua neno haramu, alijua kabla yako. Hakuja kuulizia hilo. Wanavyuoni wetu wamepambanua zamani kati ya linalompitia mtu moyoni na analolitenda kwa viungo vyake, nanyi muyapambanue. Nasaha ni ya faragha. Siri yake usiipeleke maskani, usiipeleke hata kwa mkeo. Mzazi, usimfukuze mwanao nyumbani usiku kisha ukasema umeitetea dini; barabarani hakuna dini atakayoipata. Na yeyote amtakaye kumpiga, wewe simama mlangoni.

Kijana mmoja alisimama ukumbini akaniuliza: "Ustadh, sasa si tutaonekana tumelikubali?" Swali zuri, na Wamethodisti na Waanglikana wamelizunguka miaka yote hii. Nilimjibu kwamba sisi twakaa safuni na mla riba, na msengenyaji, na asiyelipa mahari ya mkewe mwaka wa kumi huu, na hakuna aliyetudhania tumehalalisha riba. Mbona huyu mmoja tu ndiye kusimama karibu naye kwahofiwa? Hakunijibu, na mimi sikumshinda, alikaa chini akiwa bado na swali lake usoni.

Mamake yule kijana yuko hai, ni mtu mzima sana sasa, akaa mtaa ule ule. Juma lililopita nilimpelekea tende na kaimati zilizopikwa nyumbani kwangu. Nilikaa kwenye mkeka wake nikamweleza habari ya ile sinia, maana yeye hakuwahi kuijua. Aliambiwa tu kwamba mwanawe amekuwa mvivu wa msikiti. Bi mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyua kaimati moja, akaitazama, akairudisha kwenye sahani. "Atakuja Idi," akasema. "Nitamwambia umekuja. Yeye ndiye atakayeamua kama atakuona."